Betri za Mikunga

Kila Jumamosi nyumba ya Mama Edna pale Wheaton, nje kidogo ya Washington, ilijaa watu mpaka viatu vikakosa nafasi mlangoni. Pilau ilipikwa, habari za watu zikapikwa pia, na Kiingereza kiliachwa nje pamoja na viatu. Edna, binti wa miaka kumi na miwili, siku nyingine zote alijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo aliokoteza Kiswahili chake hivyo hivyo.

Asubuhi, kabla ya wageni, alikuwa na kazi kijitoni. Kaka Jabari, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, alikuwa akichunguza mikunga, wale samaki wembamba kama nyoka.

"Huzaliwa mbali sana baharini," alimweleza Edna, "kisha hupanda mito hadi hapa wakiwa wadogo kama kidole. Wakishakua hurudi baharini mara moja tu, wakazaa, wakafa. Wanaorudi ni watoto wao."

Jabari aliwatia alama ya rangi chini ya ngozi, kisha akawaachia, ili ajue ni wangapi wataupita ukingo wa saruji uliokizuia kijito huko chini wakiwa hai. Kazi ya Edna ilikuwa kuiweka ndoo ya mikunga kivulini, na kuhakikisha pampu ndogo ya betri inawapulizia hewa mpaka Jabari arudi.

Jumamosi hiyo ya Juni, redio ndogo ya CD ya Edna ilizimika katikati ya wimbo. Edna akaitazama pampu. Betri zake zilikuwa saizi ile ile.

"Wimbo mmoja tu," akajisemea.

Wimbo ukazaa wimbo. Jua likahama, kivuli kikaikimbia ndoo. Alipofunua kifuniko, mikunga walikuwa wanaelea kama kamba za viatu zilizolowa.

Alikimbia nyumbani. Sebule ilikuwa imeshajaa.

"Mama, wakunga wote wamekufa."

Kijiko kilianguka. Mama Edna mwenyewe alikuwa mkunga, akizalisha hospitalini, na wenzake wa zamu walijulikana humo ndani kwa majina. Shangazi Benadetha alishika kichwa. "Wamefia wapi, jamani? Ajali?"

"Kwenye ndoo," alisema Edna.

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. "Sema mikunga, mama," alisema Mjomba Simiyu, jirani yao Mkenya, akifuta machozi. "Wakunga ni akina mama yako. Umetuzikia watu wazima kwenye ndoo."

Kicheko kilimchoma Edna kuliko jua. Shangazi akauliza, "Haya, nani kawaua?" Macho yote yakamgeukia, na ulimi ukamtangulia.

"Babu Kalisti. Alichukua betri za pampu, akatia kwenye pampu ya ndoo yake ya chambo."

Mzee Kalisti alikuwa mlinzi wa maghala kule Landover. Siku za mapumziko alivua samaki kijitoni. Hakuwa na mke wala mtoto Marekani. Jumamosi za nyumba hiyo ndizo zilizokuwa jamaa zake. Alipofika mchana ule, salamu zilikuwa fupi na hakuna aliyesogea kumpisha akae. Alikula nusu sahani, akaaga.

Uongo ule ulitoka mmoja, ukarudi na watoto. Jabari alimkataza mzee kuvua kijitoni. Katikati ya wiki ilisemwa kwamba huiba ndoana za wenzake. Kabla wiki haijaisha, Shangazi Benadetha alikumbuka mwavuli wake uliopotea Pasaka.

"Ulimwona kwa macho yako?" Mama alimuuliza Edna.

"Ndiyo, mama."

Jumamosi iliyofuata Jabari naye alikuwa anakula pale. Hodi ikapigwa. Mzee Kalisti alisimama kizingitini, hakuvua viatu. Mkononi alishika pakiti mpya ya betri.

"Kijana," alimwambia Jabari, "ulinikataza kuvua kijitoni, sikubisha. Betri zako sikuchukua. Lakini shika hizi, neno liishe."

"Karibu ndani, mzee," alisema Mama Edna.

"Nimeshakaribia, mama."

Edna aliitazama pakiti ile. "Ni mimi," alisema. "Nilizichukua mimi. Nilikuwa nasikiliza muziki."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jabari aliweka sahani chini. "Mikunga ningetafuta wengine, Edna. Mzee huyu nimemfukuza kama mwizi." Akamgeukia. "Nisamehe, mzee. Kijitoni urudi."

"Nisamehe, babu," alisema Edna.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu." Kisha mzee aliangalia juu ya kichwa cha Edna, kwa watu wazima waliokaa kwenye makochi, kana kwamba alikuwa anangoja. Shangazi Benadetha aliokota punje za wali kwenye gauni lake. Mzee Kalisti akateremka ngazi, na kiti chake kikabaki kitupu Jumamosi ile na ile iliyofuata.

Ndipo Mama alipomwita Edna jikoni.

"Kuna siku nampokea mtoto asiye na pumzi," alisema. "Mama yake hunitazama usoni. Natamani nimwambie amelala. Lakini nikisema amelala, atakaa akimngoja aamke. Kitu kikifia mkononi mwako, mwanangu, sema, 'Kimefia mkononi mwangu.' Utaumia wewe. Ukidanganya, utamuumiza asiyehusika, na dawa yake huna."

"Babu atarudi?"

"Sijui. Wewe ulisema neno moja. Sisi wakubwa tuliongeza chumvi. Kesho tunakwenda kwake, mimi, wewe na shangazi yako. Huenda asifungue. Tutapiga hodi hivyo hivyo."