Namba za Kisima cha Sita

Kila siku saa tisa alasiri, wenzake wakikimbilia nyumbani kula, Chiriku alichukua daftari la mama yake na kushika njia ya visima. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, lakini siku hizo hata mdomo ulikuwa umechoka. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi alichota maji na kufagia kabla ya shule, na jioni alipika, kisha akamkanda mama goti kwa maji ya moto.

Mama alikuwa msomaji wa geji kwenye visima vya kampuni ya gesi. Zamani gesi ilichimbwa pale mpaka ikaisha, na sasa kampuni ilitaka kuleta gesi kutoka kwingine na kuihifadhi chini, kwenye mwamba uleule. Mhandisi, mzee mpole ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi, alikuja shuleni kuwaeleza wanafunzi wasidhani kuna tangi huko chini. Gesi itakaa ndani ya vitundu vidogo vya mawe, kama maji ndani ya sponji, na juu yake lipo tabaka gumu la udongo linaloifunika. Shida ni visima vya zamani, kwa kuwa kila kimoja ni tundu lililotobolewa kwenye kifuniko hicho. Ndiyo maana gesi ingesukumwa kidogo kidogo kwanza, na kila kisima kilifungwa geji ya kupima mgandamizo.

Visima vilikuwa sita. Tangu goti la mama livimbe, yeye alisoma vinne vya karibu, Chiriku akasoma cha tano na cha sita. Cha tano si neno. Cha sita kilikuwa nyuma ya kilima, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, juani.

Jumanne asubuhi pampu za kusukuma gesi zilianza kazi. Alasiri Chiriku alipofika kisima cha tano aliketi kwenye jiwe, akakitazama kilima, akaona hawezi kukipanda. Miguu ilimuuma mpaka kwenye nyayo. Wiki nzima iliyopita geji ya kisima cha sita ilikuwa ikionyesha arobaini na moja tu. Akajiuliza leo itakuwa imebadilika nini. Akaandika 41, akarudi nyumbani, na mama akatia sahihi bila kuuliza kitu, maana alimwamini. Jumatano akafanya vilevile. Alhamisi hata hakuketi kufikiri. Aliandika huku anatembea.

Ijumaa alipotoka shule alimkuta mhandisi ameketi na mama ukumbini. Alikuwa amekuja na habari njema. Namba za visima vitano zilikuwa zimepanda tangu Jumanne, lakini cha sita kilitulia tuli. Hiyo ilimaanisha kwamba mwamba wake haukuungana na ule utakaohifadhi gesi. Kesho geji yake itang'olewa, pampu zitafunguliwa kabisa, na hakuna atakayevuka kilima tena. Mama alishusha pumzi, akamtazama binti yake na kutabasamu.

Hicho ndicho Chiriku alichokuwa akikiomba wiki nzima, lakini hakufurahi. Jirani na kisima cha sita walikaa wafyatua matofali pamoja na watoto wao, na tanuri lao liliwaka mchana kutwa. Mhandisi huyuhuyu aliwaambia shuleni kwamba gesi ikitoka ardhini haina harufu, na mtu hawezi kuijua mpaka ikutane na moto. Upande wa pili kulikuwa na sahihi ya mama kwenye kila ukurasa. Akisema, mama anaweza kupoteza kazi. Asiposema, kesho pampu zitafunguliwa.

"Sikwenda," alisema, na sauti ikatoka ndogo. "Kisima cha sita sijafika tangu Jumanne. Nilichoka. Namba zile nilizitunga."

Tabasamu la mama likafa palepale. Mhandisi hakugomba. Alivua miwani, akaifuta polepole, akauliza tu kama mama ataweza kupanda gari.

Geji ya kisima cha sita ilikuwa imefika sitini na tatu. Mhandisi alipaka maji ya sabuni kwenye shingo ya kisima, na mapovu yakaanza kuvimba pale kizibo cha zamani kilipopasuka. Alipiga simu pampu zizimwe, kisha akaenda mwenyewe kwa wafyatua matofali. Walivuta kuni na kuufukia moto kwa mchanga, wakawashika watoto mikono na kuondoka. Chiriku aliwahesabu watoto walipokuwa wakipita. Walikuwa saba.

Kukiziba kisima upya kwa saruji kulichukua siku tisa. Mama hakufukuzwa, ila alipewa barua ya onyo. Aliisoma mara mbili, akaikunja. Chiriku alilia, akasema barua ile ilistahili kuandikiwa yeye.

Mhandisi, aliyeileta barua, alifungua daftari, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, ambayo Chiriku hakuwahi kuijaza hata siku moja. Juu yake palikuwa pamechapwa neno *Hakikusomwa*.

"Ungetia alama hapa, ningemtuma dereva," alisema. "Kuchoka si kosa. Mimi nimechoka, mama yako naye amechoka. Lakini ukiniambia hukusoma, nitainuka niende kuangalia. Ukiniandikia namba ya kutunga, mimi nalala, na wale watoto wanalala kando ya gesi."

Mama aliweka mkono juu ya goti.

"Nilikuona umechoka, mwanangu, nikanyamaza kwa kuwa nilikuhitaji," alisema. "Hilo ni kosa langu. Siku nyingine niambie, hata kama hutaki nisikitike."

Chiriku alichukua kalamu. Alizikata zile 41 tatu kwa mstari mmoja mmoja, akatia alama mara tatu kwenye safu ya mwisho, na pembeni, badala ya kusubiri sahihi ya mama, akaandika jina lake mwenyewe.