Iwe Ngiri, Iwe Sukari

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi tatu: kufagia chumba cha mbele, kutia mafuta cherehani ya shangazi, na kumletea kikombe cha maji ya kumezea vidonge vyake vya sukari. Shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, na nusu ya sare za shule yetu zilitoka mikononi mwake. Vidonge alivimeza huku amekunja uso, akilalamika kwamba mtu hawezi kula dawa kama chakula.

Shuleni niliitwa Kasuku, na jina nililipenda. Nilikuwa nimeshinda mashindano ya kughani mashairi mara mbili, kichwa kikavimba. Ndiyo maana muuza dawa wa sokoni, mtu wa maneno matamu tuliyemwita Bwana Shwari, aliponiomba nimrekodie tangazo la kipaza sauti, sikusubiri aniombe tena.

Aliuza maji ya kahawia kwenye chupa. Alinifundisha kazi. Dawa ya ugonjwa mmoja haina soko, alisema. Taja mengi, na kila mtu atasikia la kwake tu. Tena ukisema ni dawa mujarabu, hakuna atakayeuliza imejaribiwa na nani. Yeye alinipa ganzi na ngiri. Nilipoyasema hayakukaa vizuri mdomoni, nikaongeza la kwangu: "Iwe ganzi, iwe ngiri, iwe sukari, chupa moja tu, mambo shwari!" Sukari niliitia ili vina vilingane, basi. Bwana Shwari alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake sauti yangu ilizunguka soko zima, nami nikapita pale mara nne makusudi.

Jioni ile shangazi aliniita. Kiatu kilikuwa kimemchubua kidole gumba cha mguu, na kidonda hakitaki kufunga. Aliweka mkasi chini.

"Mwanangu, umewahi kumwona mtu aliyepona sukari kwa ile dawa?"

Niseme nini? Kwamba nililitunga mwenyewe? Alikuwa amenisifu mchana kutwa kwa wateja wake, na sifa zile nilizitaka zote.

"Wengi, shangazi," nikasema.

Mjinga wa kutupwa mimi. Asubuhi iliyofuata aliyakataa maji yangu. Vidonge akavitia kabatini, akaanza kunywa chupa za Bwana Shwari. Wiki ya kwanza alisema anajisikia mwepesi. Wiki ya tatu kidonda kilinuka, na wateja wakawa wanapokea nguo zao mlangoni huku wameziba pua. Mimi nilikiona, nilisikia harufu yake, na nilinyamaza. Kila siku nilijiambia kesho nitasema. Siku aliyoangukia cherehani, jirani alimbeba mpaka hospitali. Walimkata mguu chini ya goti.

Nesi aliniuliza kwa nini mgonjwa aliacha vidonge. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, nikamweleza yote, hata habari ya kulinganisha vina. Hakunibembeleza. Alimwita afisa afya, naye akaniambia nitakwenda kuyarudia hayo sokoni mbele ya watu.

Bwana Shwari hakutetereka. Aliwageukia wateja akitabasamu.

"Mwulizeni mtoto. Mimi nilimpa ganzi na ngiri. Sukari kaitia mwenyewe."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ikaniuma. Nikasema mbele ya wote kwamba nilitunga, kwamba sijamwona hata mtu mmoja aliyepona, na kwamba shangazi yangu amekatwa mguu. Mwanamke mmoja aliyeshika chupa mbili alizirudisha mezani polepole. Akaniambia mama yake amekuwa akizinywa tangu mwezi uliopita, na vidonge ameshavitupa. Aliondoka mbio. Afisa afya alichukua chupa zote na kipaza sauti, kibanda kikapigwa kufuli.

Wenzangu darasani hawakuniacha. Kila nilipopita waliliimba tangazo langu, wakatia "iwe mguu" mahali pa sukari. Nilistahili.

Shangazi alirudi kwa magongo. Cherehani ya kukanyaga hakuiweza tena, akabaki kushona kwa mkono, vifungo na pindo za watu. Vidonge alivimeza, maji nilimletea, lakini wiki nzima alikipokea kikombe bila kuniangalia. Mwishowe nilipiga magoti nikamwomba radhi. Hakuacha kushona.

"Bwana Shwari ni mwongo, na soko halijawahi kukosa waongo. Yeye sikumwamini hata siku moja," alisema. "Nilikuuliza wewe, kwa sababu nimekulea. Mtu akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui. Haitakugharimu kitu. Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ungeniambia hivyo jioni ile, leo ningekuwa na miguu miwili."