Upepo wa Tairi ya Kushoto

Mahrous alikuwa hodari wa kuendesha gari mchangani, hilo hatumnyimi. Alikuja Jalan Bani Bu Ali, mji wa Oman ukingoni mwa jangwa, kutoka Unguja hajui kuendesha hata punda. Kufikia mwaka 1978 alikuwa na pikapu yake kuukuu. Kama wenye magari wote wa Jalan, kabla ya kuingia mchangani alikuwa hupunguza upepo wa tairi zisizame. Akitoka, huzijaza tena.

Mwaka ule aliipigiza gari kwenye shimo la wadi, bonde la mto mkavu, akaona si kitu. Toka hapo ikawa inavuta kulia. Mikono ilimuuma kwa kushindana na usukani. Basi akajifanyia ufundi wake: akapunguza upepo wa tairi ya mbele kushoto peke yake. Gari ikanyooka. Akafurahi, akawasimulia watu barazani. Wahenga walisema, akili nyingi huondosha maarifa.

Jumamosi moja alimpeleka mama mkwe wake, Bi Kaltham, hospitali ya mji wa Sur kutazamwa macho. Bi Kaltham akaiangalia tairi kabla ya kupanda.

"Mahrous mwanangu, hii mbona imelegea?"

"Hiyo ndiyo inayotunyoosha, mama. Panda tu."

Akapanda. Jua lilikuwa kali na Mahrous alikwenda mbio. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kila ikizunguka, nayo hupata moto. Ile ikapasuka. Gari ikaacha njia, ikapiga jiwe. Bi Kaltham hakufika Sur yu hai.

Watu walikuja kuhani siku tatu, wakasema ni kudra ya Mungu. Mkewe Thuraya, mwenye mimba ya miezi minane, alisema gari ile hapandi tena. Lakini daktari alishamkataza kuzalia nyumbani, lazima aende Sur, maana uzazi wa kwanza ulimtoa damu nyingi.

Mahrous akaipeleka gari kwa jirani yao Musallam, fundi aliyejifunza kazi Bujumbura. Aliomba tairi mpya tu. Musallam akainua mbele kwa jeki, akatikisa gurudumu la kulia. Likacheza. Tairi yake ilikuwa imelika upande mmoja. Chini yake, fimbo ya usukani, ile inayogeuza gurudumu, imepinda na kiungo cha ncha yake kimekwisha. Akavibadilisha vyote viwili. Kisha akavuta uzi kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele, kila upande, akarekebisha mpaka magurudumu yakatazama mbele sawasawa.

"Gari ikivuta, inakwambia inaumwa," alisema. "Jaza upepo sawa kulia na kushoto. Ikivuta bado, ipeleke kwa fundi aikague, kisha apige alaimenti, ayanyooshe magurudumu kama hivi. Wewe uliiziba mdomo."

"Basi ni mimi niliyemuua."

Musallam alimpa kipimo cha upepo, akamwonyesha namna ya kukitumia.

Mahrous alikwenda nyumbani, akamweleza Thuraya yote, hata yale aliyouliza mama yake juu ya tairi. Thuraya alilia mpaka adhana ya alasiri. Wiki nzima alimwekea chakula akaenda zake.

Asubuhi uchungu ulipomshika, alitoka mwenyewe, akasimama mbele ya gari.

"Pima."

Mahrous alipiga magoti, akapima tairi zote nne mbele yake. Gari ilikwenda sawa mpaka Sur. Walipolipita lile jiwe, Thuraya alifumba macho. Jioni akajifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima.

Mpaka leo Thuraya hapandi mpaka aone tairi zimepimwa. Na Mahrous hajamwambia tena mtu yeyote, panda tu.