Saa za Pratiksha

Kila Jumamosi, mkahawa wa Nuala mjini Limerick, Ayalandi, ulipofungwa, mwanawe Cathal alibaki na kazi moja tu: kuosha vyombo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliichukia kuliko kabichi ya kuchemsha. Siku nyingine vyombo viliachiwa Pratiksha, msichana kutoka Nepali aliyekuwa akisomea uhandisi chuoni.

Pratiksha hakufanya kazi kadiri alivyotaka. Wakati wa masomo, mwanafunzi wa kigeni aliruhusiwa saa ishirini tu kwa wiki, na Nuala alilisema jambo hilo tangu siku ya kwanza.

"Saa zako zikitimia, binti, hata sufuria ikiungua unavua aproni unakwenda zako. Sitaki kusikia umerudishwa kwenu kwa sababu ya sahani zangu."

Zamu yake ya mwisho katika wiki ilikuwa Jumapili mchana. Hiyo ndiyo iliyotimiza ishirini.

Jumamosi moja Nuala alikwenda kumzika shangazi wa jirani, mtu ambaye hakuwahi hata kuonana naye, lakini mazishi ni mazishi. Alifunga mkahawa mapema, akamwachia Cathal ufunguo na sinki lililojaa pomoni. Hata hajakunja mikono ya shati, simu ikalia. Alikuwa rafiki yake Fintan.

"We Cathal, uko wapi? Kocha ameitisha mazoezi sasa hivi! Anasema asiyekuja leo, fainali ya kesho ataitazama kutoka benchi!"

Cathal alitazama sinki, akatazama gongo lake la kuchezea hurling, mpira wa magongo wa Kiayalandi, lililoegemea mlango. Akatoka mbio hadi mtaa wa pili, alikopanga chumba Pratiksha.

"Dada, nakuomba, niokoe. Nioshee vyombo leo tu."

"Siwezi, mdogo wangu. Wiki hii nimebakiwa na saa za kesho basi."

"Lakini hii si kazi, ni kusaidiana tu! Hapa kwetu watu wanasaidiana kila siku, nani anahesabu?"

"Kwenu ni kusaidiana. Mimi nikisimama kwenye sinki la mkahawa, ni kazi, hata nisipolipwa. Mama yako anajua?"

Uongo ukamtoka Cathal, laini kama siagi. "Anajua. Amesema ukiosha leo, kesho usije. Zamu yako ataishika mwenyewe."

Pratiksha akamtazama, kisha akavaa koti.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, mkahawa ulifurika. Vikombe vilikwisha rafuni na Pratiksha hakutokea. Nuala akampigia simu, uso umemwiva kwa hasira. Cathal alikuwa mlangoni na gongo lake mkononi, akisubiri gari la kina Fintan.

"Uko wapi, binti? Ati nini? Uliosha jana?" Nuala alimgeukia mwanawe. "Cathal, anasema wewe ulimwambia aoshe jana, asije leo. Kweli?"

Nje honi ilipigwa. Akisema kweli, hakuna fainali.

"Hapana, Mama. Vyombo niliosha mimi."

Nuala akarudisha simu sikioni. "Umesikia? Mwanangu si mwongo. Siwezi kukaa na mtu anayejitungia saa, tutapatwa na matatizo wote wawili. Usirudi tena."

Kabla simu haijakatwa, Cathal alisikia sauti ndogo ikisema, "Lakini, Nuala, naapa..." Akatoka nje akapanda gari.

Walishinda. Wenzake walirukaruka na kuimba njia nzima, na yeye aliimba nao, lakini medali ilimwelemea shingoni. Kila alipofumba macho aliisikia ile sauti ndogo.

Alipoingia mkahawani, mama yake alikuwa kwenye sinki, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya moto. Alimwona, akapiga kelele ya furaha, akamsimamisha juu ya kiti mbele ya wateja.

"Jamani, tazameni bingwa wangu! Na kabla ya mazoezi ya jana hakuacha hata kijiko kichafu!"

Wateja wakapiga makofi. Mzee mmoja akamsogezea kipande cha keki ya tufaha. Cathal alitamani sakafu ipasuke immeze. Machozi yakamtangulia maneno.

"Mama, sikuosha mimi. Aliosha Pratiksha. Nilimdanganya yeye, halafu nikakudanganya wewe."

Makofi yakakatika. Mzee aliinamia chai yake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Uso wa Nuala uliwiva, na safari hii haikuwa hasira peke yake.

"Shuka," alisema polepole. "Vaa koti. Na mimi nina la kuomba radhi, maana nilimhukumu bila kumsikiliza."

Pratiksha alifungua mlango macho yamemvimba. Nuala alimwomba msamaha kwanza. Cathal akafuata, akikitazama kiatu chake.

"Niangalie, mdogo wangu," alisema Pratiksha. "Wewe ukikosea, utagombezwa, na kesho utakunywa chai hapahapa. Mimi nikivuka saa zangu, naweza kufukuzwa nchini, na masomo yangu yote yapotee. Ndiyo maana nilikuuliza kama mama anajua. Nilikuamini."

"Zamu yako inakusubiri Jumatano, ukikubali, na saa za Jumapili nitakuhamishia siku nyingine," Nuala alisema. "Jumamosi na Jumapili zote hadi Krismasi, anayekaa sinkini ni Cathal. Hurling itamsubiri."

"Nitakuja," Pratiksha alijibu. "Lakini kuanzia leo, ruhusa yoyote nitaisikia kwako mwenyewe."

Hakuisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Cathal zaidi.

Njiani walitembea chini ya manyunyu ya mvua. Karibu na mkahawa, Cathal aliivua medali akaitia mfukoni.

"Mama, ataniamini tena lini?"

"Sijui, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kurudi ni ndefu. Na ukumbuke: sheria isiyokubana wewe usiifanyie mzaha, maana kuna mwenzako ambaye maisha yake yote yameegemea hapo." Nuala alifungua mlango, akampa aproni. "Haya, anza na vikombe."