Gunia Lenye Uzi wa Kijani

Kila siku Shamila alipotoka shuleni alipitia kwanza kwenye kibanda cha mama yake, Bi Anifa, katika mtaa wa wauza nafaka wa soko la Majengo, Dodoma. Mama alipepeta mtama na uwele, naye Shamila alishona midomo ya magunia. Kila muuza nafaka wa mtaa ule alikuwa na rangi yake ya uzi, ili magunia yasichanganyike kwenye lori. Uzi wa Bi Anifa ulikuwa wa kijani. Shamila alikuwa hodari wa kushona, na hata gunia la pumba za kuku hakuliacha mdomo wazi.

Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu tena biashara huria. Sabuni na khanga zilikuwa zimerudi madukani, na wanunuzi walikuwa wameanza kuchagua pa kwenda. Mtaa wa nafaka hawakuuchagua. Ulijaa madimbwi na vibanda vilivyoinama, na wateja waliupita wakiziba pua. Ndipo akaja Bibi Maendeleo, yaani afisa wa maendeleo wa kata, mama mmoja mchangamfu aitwaye Ruthu, na mpango wa kuufufua mtaa. Mradi ungeleta saruji, mabati na bomba la maji, na wenye vibanda wangechimba mtaro wenyewe.

Walichimba kweli. Shamila alibeba udongo kwa karai pamoja na Restuta, rafiki yake wa darasani. Mama yake Restuta, Tereza, alikuwa akiuza mlenda na mchicha chini, juu ya gunia, mwisho kabisa wa mtaa. Mtaro ulipokwisha, kamati ya mtaa ilikaa na wenye vibanda. Wakakubaliana kwamba atakayeuziba mtaro atapoteza mahali pake. Kisha wakagawa nafasi upya.

Kona akapewa Tereza.

Shamila hakuamini masikio yake. Kona ile ilikuwa ya babu yake! Ndiyo iliyoonekana na kila aingiaye sokoni, na sasa ilikuwa na bati jipya na bomba linalong'aa. Yeye na mama yake walisogezwa juu ya mtaa, kibanda cha nne. Alinuna siku ile, akanuna na kesho yake, na Mama alipomuuliza ana nini, alijibu kwamba kichwa kinamuuma.

"Shamila, njoo unawe kwenye bomba letu!" Restuta alimwita jioni moja.

Letu! Neno lile lilimchoma. Jana tu walikuwa wakikaa mavumbini, leo wana bomba. Kila mteja aliyesimama kununua nyanya pale konani, Shamila alimwona kama ameibwa kwao. Shuleni akahama dawati. Restuta alipomuuliza amemkosea nini, alijibu, "Muulize mama yako," akaenda zake.

Siku moja, jua likiwa linazama, Mama alikwenda kuswali. Shamila akachukua gunia la pumba, akalishona mdomo vizuri kama alivyozoea, akaliburuta hadi konani. Pale mtaro uliingia kwenye kalavati na kupita chini ya barabara. Akalisukuma gunia ndani kwa mguu mpaka likakwama. Mvua ikinyesha, alijiambia, tutaona hilo genge lao.

Mvua ilinyesha kesho yake mchana. Mvua ya Dodoma haibembelezi. Ikija inakuja yote. Maji yalishuka mtaroni kwa kasi, yakafika konani, yakakosa njia. Yakapanda. Nyanya za Tereza zikaanza kuelea, mlenda uliokaushwa kwa wiki nzima ukageuka matope, na vibanda viwili vya jirani navyo vikaingiliwa. Watu walipiga kelele wakiokoa magunia. Restuta aliruka ndani ya mtaro, maji yakamfika kifuani, akavuta na kuvuta kilichokwama kwenye kalavati mpaka njia ya maji ikafunguka kwa kishindo.

Mvua ilipokatika, Mzee Rajabu, mwenyekiti wa kamati, alikuja pamoja na Bibi Maendeleo. Mdomoni mwa kalavati mlijaa majani ya kabichi.

"Tereza, haya majani ni ya nani?"

"Mzee, ni ya genge langu, lakini yamechukuliwa na maji. Taka zangu mimi napeleka jalalani."

"Ndivyo kila mtu asemavyo. Tulikubaliana wote, au sivyo? Itabidi utoke hapa. Kona irudi kwa Bi Anifa."

Tereza alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akaanza kuokota nyanya zilizobaki.

Shamila alikuwa amesimama pembeni. Alichokitaka amekipata, na moyo wake ulikuwa mzito kama jiwe. Akamtafuta Restuta kwa macho. Restuta alikuwa amekaa chini ya meza yao, ameloa chapachapa, amekalia kitu. Pembeni mwa sketi yake ulichungulia uzi wa kijani.

Amelijua gunia. Amelijua, na amelificha.

"Restuta, inuka," Shamila alisema. "Inuka, waone uzi."

"Nyamaza wewe," Restuta alinong'ona. "Watawafukuza nyinyi."

"Shikamoo, Mzee Rajabu," Shamila alisema huku akilia. Salamu yenyewe ilikuwa imechelewa, lakini hakujua aanzie wapi. "Mama Restuta hakuziba. Ni mimi. Niliweka gunia letu la pumba."

Restuta akainuka, gunia likaonekana. Bi Anifa alilitazama gunia, akautazama mshono ule safi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kona ni yetu, Mama! Walitunyang'anya!"

"Nani alitunyang'anya? Mimi ndiye niliyeomba tuhame. Bomba lisingeweza kuwekwa pengine, na nafaka ikikaa karibu na maji inachipua guniani. Mboga ndizo zinataka maji. Nilikuona umenuna nikadhani utachoka. Hukuniuliza hata mara moja."

Mzee Rajabu alikuna ndevu. Akamwomba Tereza radhi mbele ya watu wote, akasema kona ni yake. Kwa kuwa aliyeziba ni mtoto na amekiri mwenyewe, kamati haikumwondoa Bi Anifa, bali iliamua Shamila asafishe mtaro kila Jumamosi hadi mvua ziishe. Bi Anifa alichota debe la uwele, akampa Tereza kwa hasara aliyopata.

"Mtaa huu hatukuujenga kwa saruji peke yake," Bibi Maendeleo alimwambia Shamila. "Mtaro ni mmoja. Ukiuziba kwa mwenzako, umeuziba kwa wote. Ukiona mwenzako amepata, uliza kwanza amepataje, kabla wivu haujakujibu."

Jumamosi ya kwanza Shamila alifika na koleo, akamkuta Restuta ameshaanza kazi.

"Hii adhabu ni yangu," Shamila alisema.

"Najua. Lakini umechelewa, na mimi nataka unifundishe kushona magunia."

Walipomaliza, Bi Anifa aliwaita kibandani. Shamila alikaa, na kwa mara ya kwanza akapatazama mahali pao. Palikuwa na kivuli na sakafu kavu, na mtama ulikuwa unang'aa kwenye ungo.

"Kumbe hapa pazuri," alisema.

"Pamekuwa pazuri siku zote," Mama alijibu. "Macho yako yalikuwa konani."