Gurudumu la Nyuma Kushoto

Nilikuwa nimeshusha mlango wa gereji nusu. Jua linazama, wingu limebeba mvua, na mimi nasubiri simu ya binti yangu aniambie amefika nyumbani. Asubuhi nilimpa gari langu aende kwenye usaili wa kazi mji wa pili.

Niseme ukweli sasa, maana siku ile sikuusema. Gari lile lilikuwa bovu. Mganga hajigangi. Waya wa sensa inayopima mwendo wa gurudumu la nyuma kushoto ulikatika miezi mitatu nyuma, na mfumo wa kuzuia gari kuteleza ukalala. Taa yake ya onyo ilinikera, nikaiunga na taa ya oili. Ukiwasha gari zinawaka pamoja, zinazimika pamoja. Mtu hajui kitu. Nimewafanyia wauza magari wengi ujanja huo, na niliujivunia.

"Liko zima, baba?" binti aliuliza.

"Zima kabisa."

Mdogo wake, kijana wa miaka kumi na sita, akanuna, akauliza yeye atafundishwa lini kuendesha. Tukamcheka.

Basi, nashika kufuli, nahisi mtu nyuma yangu.

Mama mtu mzima, mkoba kwapani. Nyuma yake gari dogo jeupe. Sikusikia injini ikija.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Taa ya utelezi inawaka," alisema kwa sauti ya chini. "Inawaka hata ufunguo ukiwa mkobani."

"Haiwezekani, mama. Bila ufunguo hakuna..."

Nikachungulia ndani ya gari. Ufunguo haupo. Taa ya njano inawaka.

Nikajipa moyo, nikainua mlango, nikalisukuma gari ndani ya gereji. Umeme hauna uchawi, nilizoea kuwaambia wateja, una waya tu. Nikapiga jeki upande wa nyuma, nikachomeka mashine ya kupimia. Ikaniletea mwendo wa kila gurudumu. La kwanza, sifuri. La pili, sifuri. La tatu, sifuri.

La nyuma kushoto, sitini na mbili.

Nikaligusa. Limetulia tuli. Lilikuwa limelowa maji, na mvua haijaanza. Nikapima sensa kwa mita: waya umekatika, haupitishi umeme hata chembe. Nikaichomoa kabisa, nikaishika mkononi.

Sitini na mbili.

Harufu ya mpira ulioungua ikajaa gereji...

"Ndivyo alivyokuwa anakwenda mwanangu," mama alinong'ona. "Siku ya mvua. Gari alilinunua wiki ileile. Muuzaji alimwonyesha taa zote zikizimika. Akafurahi."

Nikainama chini ya dashibodi na tochi, huku nikiomba nisione nitakachokiona. Nilikiona. Waya wa taa ya utelezi umeungwa na wa oili: mizunguko mitatu, mkia umekunjwa kurudi nyuma, tepu nyeusi, juu yake kipande cha tepu nyekundu. Hakuna fundi mwingine anayefunga hivyo. Niliujua mkono wangu kama mtu anavyoujua mwandiko wake.

"Ni kazi ya nani hiyo?"

"Siijui, mama."

"Iangalie vizuri."

"Mafundi ni wengi. Wengine wahuni tu."

Akasogea. Nyayo zake hazikuacha alama kwenye sakafu yangu yenye oili.

"Sitaki polisi. Sitaki kingine. Ukisema ni wewe, naondoka na gari langu, na wako anafika salama."

Niliona pingu. Niliona bango la gereji likishushwa na majirani wakinyoosha vidole. Binti yangu sikumwona hata kidogo, Mungu anisamehe.

"Si mimi," nikasema.

Akatabasamu.

"Haya. Basi si wewe."

Mvua ikagonga bati. Nikainua kichwa, nikakuta gereji tupu. Hakuna mama, hakuna gari. Jeki imesimama peke yake. Waya wa mashine unaning'inia, haujachomekwa popote.

Na namba bado zinakimbia.

Hamsini na nane. Hamsini na nane. Hamsini na nane. La nyuma kushoto, sifuri.

Magurudumu matatu yanakwenda, la nne halisomeki. Lipo gari moja tu ninalolijua linalosomeka hivyo.

Nikampigia binti simu.

"Baba! Mvua hiyo, acha tu! Nimekuweka kwenye spika."

"Kuna taa yoyote imewaka?"

"Hakuna hata moja. Liko safi, kama ulivyosema."

Sitini. Sitini na moja.

"Simama!" nilipiga kelele. "Simama sasa hivi!"

Sitini na mbili.

Mtoto wangu mtiifu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Nilisikia matairi. Nilisikia kioo. Kwenye mashine namba zote zikawa sifuri, sawasawa, kama gari zima lililoegeshwa.

Hakufa. Wiki ya pili hospitalini akafumbua macho, miguu haisikii. Polisi walishaandika kwamba ni mvua. Mke wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, kamshika mkono.

"Baba," binti akanong'ona, "gari lilikuwa na kasoro?"

Mke wangu akaniangalia. Ulimi ulikuwa wangu, hakuna aliyeushika. Ningeweza kusema.

"Hapana, mwanangu. Lilikuwa zima."

Hakulia. Alitazama juu ya bega langu, kwenye kiti cha wageni. Nikasikia harufu ya mpira ulioungua. Shingo ikakataa kugeuka.

"Yule mama aliyekaa nyuma kushoto kwenye gari..." alisema. "Yuko hapo, baba. Anasema marahaba."

"Mama gani?" mke wangu akauliza.

"Anauliza mdogo wangu ataanza lini kuendesha."