Ngumi Sita Nyuma ya Nyumba

Kila jioni, kabla hajavua sare ya shule, binti wa fundi cherehani aliulizwa swali lile lile kutoka sebuleni.

"Umeangalia atichoki?"

"Nimeangalia, mama. Bado."

Mama, fundi mwenyewe, alikuwa amevunjika mguu na kufungwa plasta tangu alipoteleza bafuni, hivyo hakuweza kufika bustanini. Huko, kando ya kamba ya nguo, ilisimama miche sita ya atichoki aliyoipanda mwenyewe. Kwa miezi saba miche hiyo ilimchosha kila mtu: majani mapana ya kijivu, ncha zinazochoma, na cha kula hakuna. Sasa matumba yalikuwa yametokea, na tumba ndilo chakula chenyewe. Hukatwa lingali limefumba kama ngumi. Likishachanua, limekuwa ua tu, gumu, halitafuniki.

Mpishi wa hoteli aliahidi kuja Ijumaa kuyaona. Yakimpendeza, angechukua mavuno ya msimu mzima.

Jumatatu binti alikwenda kuangalia, akachomwa kidole. Tangu siku hiyo aliangalia mlango wa nyuma tu, tena akiwa jikoni.

Ijumaa mpishi alifika na kikapu chake. "Hodi! Nimefuata ngumi zangu!"

Binti alimwongoza nyuma ya nyumba. Akaganda. Juu ya miche yalisimama maua sita ya zambarau, nywele wima kama brashi, nyuki wakijipakulia.

"Haya ni mapambo, mwanangu," mpishi akasema. "Nikimpikia mgeni, atatafuna mpaka kesho kutwa."

"Vipi huko?" mama akaita dirishani. "Ni makubwa?"

"Mama, jua la jana..." Binti akaanza. Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini, lakini maua yalikuwa yamemkodolea macho. "Si jua. Sijaangalia tangu Jumatatu. Nilikuwa nasema bado, basi."

"Lo! Miezi saba nabembeleza miba, halafu bado, bado, bado!" Mama alipiga kizingiti cha dirisha kwa kiganja. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mbona humu ndani aliyevunjika guu ni mkuu?"

Mpishi alicheka. Mama hakucheka hata kidogo. Mpishi akaokota kikapu chake kitupu, akageuka.

"Ngoja, mama mpishi, tafadhali!"

Binti alipiga magoti, akapenyeza mikono katikati ya majani. Yalimchoma, hakujali. Chini, kwenye vikonyo vya pembeni, aligusa kitu kigumu, cha mviringo. Kimoja. Kingine. Alitoka na matumba madogo kumi na moja, mikono imejaa mikwaruzo.

Mpishi aliyaminya moja moja, akayatia kikapuni. "Yamefumba sawasawa. Madogo huiva upesi jikoni. Nitarudi Ijumaa ijayo kuchukua yatakayofuata. Nani atayaangalia?"

Binti akamtazama mama dirishani.

"Huyo huyo," mama akasema, akishusha pumzi. "Nani mwingine?"

Kesho yake jioni swali lilikuja kama kawaida.

"Matatu yamefumba, moja la kukata asubuhi," binti akajibu, akilamba kidole. "Na nyuki mmoja kanifukuza hadi mlangoni."

"Hilo ndilo jibu," mama akasema. "Mmea hausikii maneno yetu, mwanangu. Hata ukiyadanganya masikio yangu, tumba litachanua tu. Sasa lete dawa, tupake hiyo mikono."